Mfuko, Mwalimu na Mashabiki: Habari za Mpira Tangu Mji wa Kale Hata Kibarani



Katika vitabu vya ripoti vya miaka iliyopita tumezoea kuwaletea hapa habari za mazishi yaliyogharamiwa, karo za watoto na wagonjwa waliosaidiwa. Mwaka huu twawaletea habari za mpira, na yamkini mmoja wenu atauliza, mpira na chama cha kusaidiana ni wapi na wapi? Jawabu ni kwamba mkutano wetu wa mwaka ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya mpira. Waliohudhuria wanakumbuka. Hesabu hazijasomwa bado, vijana wa timu yetu wakasimama pamoja na mashabiki wao, wakataka mwalimu mpya aondolewe siku ile ile. Mwengine akasema si mwalimu, bali ni kamati yenye mkono wa birika. Mzee mmoja akajibu kwamba zamani zake watu walicheza pekupeku na hawakudai hata kikombe cha maji. Kutoka hapo hapakusikilizana mtu.

Wazee ndio waliotuliza mambo, wakaiagiza kamati iandike habari hii tangu mwanzo wake, ili kila mtu ajue ugomvi huu una umri gani. Sisi tunaoandika ndio tuliokuwa tumeketi mezani siku ile, na mfuko tulikuwa nao sisi. Twalisema hilo mapema ili msomaji atupime kwa mizani iliyo wazi.

Kabla ya mpira, Mji wa Kale ulikuwa na beni. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Mombasa walijigawa katika vyama vya ngoma, na katika vilivyovuma zaidi vilikuwa Kingi na Skochi. Walipiga ngoma na matarumbeta, wakavaa nguo za kuiga askari na mabaharia wa Kiingereza, wakawa na vyeo vyao vya kijeshi, na kila upande ulitaka kuupita mwenziwe kwa sare, kwa gwaride na kwa karamu. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na mashindano yao hayakuwa baridi kuliko ya wanaume. Wako wasemao yalikuwa makali zaidi. Mali nyingi iliteketea. Lakini tazameni jambo moja: mali hiyo ilitoka kwa watu wenyewe. Aliyevaa sare ndiye aliyeinunua, na aliyekula karamu alikuwa ametoa mchango wake, au ametolewa na tajiri wa upande wake ambaye jina lake lilijulikana kwa kila mtu barazani. Chama kikishindwa, walioshindwa walijua kuwa ni mfuko wao ulioshindwa. Hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa.

Mpira ulipoingia na kuenea maskulini, kambini na kazini, ulizikuta tabia hizo za ushindani ziko tayari. Hata hivyo ulikuja na jambo jipya, nalo ni mfuko wa mtu mwengine. Kombe kubwa la kwanza la nchi zetu, lililoanza mwaka wa 1926 kwa kushindaniwa na Kenya na Uganda, liliitwa Gossage, kwa jina la mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza. Babu zetu walilishangilia kombe la sabuni miaka mingi bila kuliona neno hilo kuwa la ajabu, na sisi hatuna haki ya kuwacheka, kwani siku hizi ligi zetu zimebeba majina ya simu, ya pombe na ya kamari. Mwenye kutoa kikombe alikuwa mbali. Hakujua kama uwanja una mawe au una majani. Alitaka jina lake lisomwe, nalo lilisomwa.

Mwaka wa 1947 ulileta somo la namna nyengine. Mwezi wa Januari wafanyakazi wa mji huu, wa bandari, wa reli na hata wa majumbani, wapatao 15,000, waligoma kwa siku kumi na mbili wakidai mishahara ya kuwatosha. Walikutana kila siku katika kiwanja huko Majengo, wakakipa jina la Kiwanja cha Maskini. Twakitaja si kwa kuwa mgomo ule ulikuwa wa mpira, bali kwa kuwa watu wale wale ndio waliokuwa wachezaji na watazamaji wa Mombasa, na pale kiwanjani walijifunza kuuliza kwa sauti moja: fedha ziko wapi, na nani ameamua zigawanywe hivi? Swali hilo halikukoma mgomo ulipokwisha. Miaka iliyofuata waajiri wakubwa wa mji walianza kuyatazama makazi na starehe za wafanyakazi wao kwa jicho jengine, na timu za makampuni zikapata nguvu. Jezi zikawapo, mipira ikawapo, na mchezaji hodari aliweza kupewa kazi kwa ajili ya miguu yake. Timu hizo zilikuwa na mwenyewe.

Pembeni mwao zikaendelea timu za mitaa. Mombasa ilikuwa na Liverpool yake, iliyovuma pwani nzima, na ilikuwa na Feisal, na baadaye ikawa na Mwenge. Wazee waliotusimulia habari zake huyataja majina kama la Bwana Ali Kajo kwa heshima wanayopewa masheha. Namna timu za mitaa zilivyoishi ni jambo tunalolijua vizuri, kwani chama chetu kimeishi hivyo hivyo: kofia huzungushwa, mwenye duka hutoa kitambaa, mwenye gari hutoa gari, fundi hushona bila ujira, na mama ntilie hupika akalipwa mwezi ujao au asilipwe kabisa. Mwalimu wa timu aghalabu alikuwa mchezaji wa zamani wa mtaa ule ule, mtoto wa fulani, jirani ya fulani. Ukimlaumu ulikutana naye msikitini au sokoni kesho yake. Ubahili haukuweza kufichika, maana mfuko ulikuwa mikononi mwa mtu mnayemjua na daftari lake mlilijua rangi.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru wetu, na Nakuru All Stars wakawa wa kwanza kuichukua. Mwaka wa 1964 ikaenda kwa Luo Union. Mwaka wa 1965 ikaja Mombasa, kwa Feisal. Twaomba msomaji atue kidogo hapa. Timu ya mji wetu, isiyokuwa na kiwanda nyuma yake, ilikuwa bingwa wa Kenya ligi ikiwa na umri wa miaka mitatu tu. Tangu siku hiyo kombe hilo halijavuka tena Makupa kuja kisiwani. Zaidi ya nusu karne imepita, na kila anayeshabikia mpira wa mji huu anabeba mwaka wa 1965 kifuani kama mtu abebavyo hati ya shamba lililouzwa.

Kwa nini halikurudi? Barazani huambiwa sababu nyingi: ukabila, waamuzi, fitina za Nairobi. Sisi hatuzikatai zote. Lakini sababu moja haihitaji fitina. Klabu za bara zilipopata wafadhili na mashabiki wengi wa kununua tikiti, zilianza kuchukua vijana wetu, na kijana mwenye mama wa kumlisha hawezi kulaumiwa kwa kuifuata riziki. Bwana Mahmoud Abbas, mlinda lango aliyezaliwa katika mji huu na kupewa jina la Kenya One, aling'ara akiwa na AFC Leopards ya Nairobi. Kenya ilipotwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka wa 1981, 1982 na 1983, yeye ndiye aliyekuwa langoni. Na fainali ya 1982 mjini Kampala, iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti mbele ya wenyeji, bado husimuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Mombasa ilimshangilia kwa redio.

Basi timu za mitaa zilidhoofika, na iliyobaki kusimama kwa jina la mji ni ile yenye mwenyewe. Mtu akisimama Kibarani, penye daraja la Makupa, akiyapa mgongo yale mahali palipokuwa jaa la taka za mji kwa miaka mingi, huziona winchi za bandari zimejipanga kama twiga. Huko ndiko uliko mfuko. Timu ya wafanyakazi wa bandari ilianza zamani za kampuni ya Landing and Shipping, ikiitwa LASCO. Baadaye ikaitwa Cargo. Na mwisho ikawa Bandari, chini ya Halmashauri ya Bandari za Kenya iliyoundwa mwaka wa 1978. Ilipanda na kushuka. Mwisho wa msimu wa 2012 ilipanda tena daraja la juu, na mwaka wa 2015 ikachukua Kombe la Rais kwa kuifunga Nakumatt.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyowapa watu matumaini, na matumaini ndiyo yaliyowatia uchungu. Chini ya Bwana Bernard Mwalala, Bandari ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka wa 2018, na ikawa ya pili tena msimu wa 2018 na 2019. Januari ya 2019 ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Simba 2 kwa 1 kwao katika nusu fainali ya kombe la SportPesa, kisha ikafungwa 1 kwa bila na Kariobangi Sharks katika fainali. Kwa bao hilo moja ni Sharks, wala si Bandari, waliokutana na Everton ya Uingereza mwezi wa Julai huko Kasarani, wakatoka sare 1 kwa 1 na kushinda kwa penalti. Sisi tuliozoea jina la Liverpool katika mji huu tungalifurahi mno kuwaona majirani wa Liverpool ya kwao. Haikuandikwa. Bandari ilijilipa kwa kuwafunga Sharks hao hao 3 kwa 1 katika fainali ya Shield, na kwa ushindi huo ikaingia katika mashindano ya Afrika, ambako iliwatoa Ahly Shendi wa Sudan na Ben Guerdane wa Tunisia kabla ya kusimamishwa na Horoya wa Guinea.

Sasa tazameni lililofuata. Mechi zile za Afrika timu ya Mombasa ilizichezea bara, mbali na watu wake, kwa kuwa mji wa Mombasa haukuwa na uwanja uliokubaliwa. Uwanja wa manispaa ulikuwa umefungwa ili ujengwe upya, na ujenzi huo ukakokota mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Agosti 2019 SportPesa nao wakaondoa ufadhili wao katika michezo ya Kenya, na ligi nzima ikabaki kama nyumba iliyovuliwa makuti. Matokeo ya Bandari yakashuka. Kelele zilielekezwa wapi? Kwa mwalimu. Haukupita muda mrefu Bwana Mwalala akaondoka, na katika miaka michache iliyofuata benchi lile likakaliwa na Bwana Ken Odhiambo, na Bwana Casa Mbungo wa Rwanda, na Bwana Anthony Kimani, na wengine baada yao. Kila mmoja alipokewa kama tabibu na kusindikizwa kama mwizi. Huyo Bwana Casa Mbungo, kabla ya kufika kwetu, alikuwa ameiacha AFC Leopards mwisho wa mwaka wa 2019 mishahara ilipokuwa haipatikani. Kwa hiyo alijua vizuri kuliko mashabiki kwamba mfuko ukikauka hakuna ufundi.

Hatusemi kwamba bandari ni bahili. Haki itendeke: katika miaka ambayo klabu kubwa za Nairobi zilisafiri bila ya nauli na wachezaji wakagoma, mchezaji wa Bandari alikuwa na mwajiri aliyejulikana mlango wake. Manung'uniko ya mashabiki ni ya namna nyengine. Wanaona meli zinaingia usiku na mchana, wanasikia hesabu za makasha, kisha wanaona timu inauza mshambuliaji na kuleta kijana asiyejulikana, na wanauliza, je, utajiri huu wote haufiki Mbaraki? Lakini halmashauri ya serikali haina mkutano wa mashabiki. Hakuna siku ambayo mchukuzi wa Kibarani anaweza kusimama akauliza ukurasa wa mpira uko wapi katika bajeti. Mwalimu yuko mita ishirini mbele yake, ana masikio, na Jumapili atakuwapo tena. Sauti huenda inapoweza kufika.

Wako wasemao, basi tupewe tajiri mmoja mwenye mapenzi, mambo yatanyooka. Hao twawaelekeza Dar es Salaam, ambako wengi wao wana nusu ya moyo wao. Simba, iliyozaliwa mwaka wa 1936 na ambayo zamani iliitwa Sunderland, ilikuwa mali ya wanachama. Mwisho wa mwaka wa 2017 Bwana Mohammed Dewji alipita katika zabuni ya kuchukua asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, wanachama wakibaki na 51. Matunda yalionekana: ubingwa mara nne mfululizo hata mwaka wa 2021, na timu za Afrika zikaogopa kwenda Dar es Salaam. Hakuna aliyezungumza ubahili siku hizo. Hata hivyo dalili ilikuwapo mapema. Januari ya 2020 Simba ilipofungwa 1 kwa bila na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, tajiri alitangaza hadharani kwamba anajiuzulu, akiitaja mishahara ya karibu bilioni 4 kwa mwaka. Kisha akabadili nia. Sisi twaliona neno lile kuwa la kweli na la kutisha kwa pamoja. La kweli, kwa sababu mwenye kutoa ana uchungu wa kutoa. La kutisha, kwa sababu klabu yenye umri wa miaka zaidi ya 80 ilijikuta usiku mmoja ikining'inia katika hasira ya mtu mmoja.

Yanga wakauchukua ubingwa mwaka wa 2022, wakauchukua 2023, na tarehe 5 Novemba 2023 wakaifunga Simba 5 kwa 1. Kibarani yetu usiku ule, wanaovaa nyekundu walizima redio zao wakalala bila kula. Siku mbili baadaye Bwana Robertinho, Mbrazili, alikuwa ameondolewa. Akaletwa Bwana Benchikha wa Algeria, mwalimu aliyekuwa ametwaa makombe ya Afrika, na kabla mwezi wa Mei haujaingia naye alikuwa amekwenda zake. Simba ikamaliza ya tatu. Hapo ndipo mashabiki, baada ya kuwafukuza walimu kwa vinywa vyao mwaka baada ya mwaka, walipogeuka kuutazama mfuko. Wako waliosema tajiri amefunga mkono, kwamba wachezaji wazuri wameuzwa na waliokuja ni wa bei rahisi. Wako waliosema tatizo si fedha, ni wale waliokuwa wakizitumia kwa niaba yake. Mwezi wa Juni 2024 mwenyekiti wa bodi aliachia kiti na Bwana Dewji mwenyewe akarudi kukikalia. Wachezaji wapya wengi wakasajiliwa, akaja Bwana Fadlu Davids wa Afrika Kusini, na mwaka wa 2025 Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa na Berkane wa Morocco kwa jumla ya mabao 3 kwa 1. Ubingwa wa Tanzania mwaka huo ulibaki Yanga. Na Septemba yake Bwana Davids naye akaenda Morocco, kufunza Raja.

Tukiyatazama haya twaona kwamba wale mashabiki wa Dar es Salaam walikuwa na kitu ambacho wa Mombasa hawana, nacho ni ile asilimia 51. Hata kama kwa matumizi ni ndogo, kwa kauli ni kubwa. Wana mkutano mkuu. Wana kadi. Tajiri akinyamaza, yuko wa kumwuliza kwa jina. Huko Ulaya mambo ni magumu zaidi. Vijana wetu wanaovaa fulana za Manchester United wanajua kuwa familia ya Glazer ya Marekani iliinunua klabu ile mwaka wa 2005 kwa fedha nyingi za mkopo, na kwamba deni hilo liliwekwa juu ya klabu yenyewe. Mwaka wa 2010 watazamaji walivaa kijani na dhahabu, rangi za zamani za klabu, kwa kuonyesha hasira. Alipostaafu Bwana Ferguson mwaka wa 2013 walimu walipishana pale kama abiria wa feri ya Likoni: Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, Amorim. Wenye mali wakabaki wamekaa.

Neno moja kuhusu walimu wenyewe, kwa sababu katika mkutano wetu walitukanwa. Mwalimu wa kigeni hupewa fedha na muda. Mwalimu wa kwetu huitwa nyumba inapoungua. Mwezi wa Novemba 2009 Mjerumani Antoine Hey aliiacha timu ya taifa ya Kenya siku chache kabla ya kukutana na Nigeria. Aliyekabidhiwa ni Bwana Twahir Muhiddin, mtu wa pwani, ambaye Bandari pia imemwita zaidi ya mara moja. Tarehe 14 Novemba vijana wake waliongoza kwa bao la Dennis Oliech, wakafungwa 3 kwa 2 dakika za mwisho, na kwa ushindi huo Nigeria ikaenda Kombe la Dunia. Kwa siku chache alizopewa, sisi twaona alifanya zaidi ya mwenziwe kwa miezi. Wengine katika kamati hawakubaliani nasi kwa hili, na tumekubaliana tuandike kwamba hawakubaliani.

Twarudi sasa nyumbani, kwa timu yetu ndogo, ambayo haina ligi ya taifa wala tajiri. Mwalimu mpya tulimleta sisi. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mtaa, alifunza miaka mingi bila malipo, akachoka, akaomba nauli tu; kamati ikamjibu kwamba nauli haimo katika katiba ya chama. Akaondoka kwa adabu. Aliyekuja baada yake alikubali kufanya kazi bila nauli, na hiyo, tuseme kweli, ndiyo sifa iliyotufanya tumchague. Alipoomba nyavu tulimwambia angoje. Alipoomba viatu vya wachezaji saba wasiokuwa navyo tulimwambia mwaka huu kuna mazishi mengi. Mazishi yalikuwa mengi kweli, na hatuoni haya kusema kuwa sanda hutangulia kiatu. Lakini timu ilipofungwa mechi nne mfululizo na mashabiki wakamzomea mbele ya watoto wake, sisi tulikuwa pale pale pembeni mwa uwanja, na hatukusema kitu. Mmoja wetu hata alitikisa kichwa pamoja nao.

Vijana waliosema mkono wa birika siku ya mkutano walitakiwa waombe radhi, na waliomba. Kamati haikutakiwa kuomba radhi na mtu yeyote. Twaiomba hapa, kwa mwalimu wa kwanza na kwa wa sasa.

Fungu la michezo limeandikwa katika hesabu za kitabu hiki peke yake, halikuchanganywa na matumizi mengineyo kama ilivyokuwa desturi. Daftari lenyewe litakuwa mezani ofisini kila Jumamosi baada ya alasiri, na mwanachama yeyote, pamoja na kijana ambaye bado hajalipa ada yake ya mwaka, ataonyeshwa akitaka. Nauli ya mwalimu imeanza kulipwa. Jozi tano za viatu zimenunuliwa, mbili bado. Nyavu zilizotolewa na mvuvi mmoja wa Mji wa Kale, za kuvulia, zimefungwa golini kwa muda, na zinashika mpira vizuri, ila macho yake ni mapana kidogo na mpira wa watoto hupita.